Barua ya wazi kwa wanaosimamia utafiti wa ubongo nchini Uganda: mradi ukiisha, kichwa kitabaki na nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa Mheshimiwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na kwa Waheshimiwa Wabunge.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili ninayeishi Mbarara. Kwa miaka tisa sasa watafiti wa afya wamekuwa wakiniita kila wanapohitaji kuzungumza na wakimbizi wa Kongo walioko Nakivale na katika makazi mengine ya magharibi mwa nchi, watu ambao wengi wao hawajui Kinyankole wala Kiingereza, lakini Kiswahili cha Kivu wamekua nacho. Kazi yangu kubwa ni kusoma fomu ya ridhaa, kufikisha maswali na majibu, na kushuhudia mtu akitia sahihi au akichovya kidole gumba kwenye wino. Ninawaandikia kwa lugha hiyo hiyo ninayoifanyia kazi, na kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliridhia mwaka 2022 iwe lugha rasmi ya nchi, sidhani kama ninavuka mpaka.

Miaka michache iliyopita nilikaa kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya pamoja na mama mmoja wa Kivu Kaskazini na mwanawe wa miezi saba. Mtoto alikuwa na kichwa kikubwa. Ngozi ya utosini ilikuwa imevutika mpaka inang'aa, mishipa ikionekana, na macho yameelekea chini kama jua linalotua. Watafiti walitaka kumpiga picha za ubongo mara kadhaa na kuzihifadhi. Nilimsomea mama fomu ya kurasa saba. Nilipofika kwenye neno "data" alinikatiza akauliza kama ni ile inayonunuliwa ya kuweka kwenye simu, nasi tukacheka kidogo, nikajaribu kumweleza. Mwishoni, baada ya kunyamaza kwa muda, akauliza: "Sasa, muradi ikiisha, kichwa ya mutoto wangu itabakia na nani?"

Nimeyaacha maneno yake yalivyo. Mtafiti, kijana mpole ambaye wazazi wengine kumi na wawili walikuwa wanamsubiri kwenye foleni, aliniuliza mama amesema nini. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba anauliza utafiti utachukua muda gani. Akasema miezi kumi na minane. Nikamwambia mama miezi kumi na minane, naye akakiweka kidole gumba kwenye wino.

Sikukusudia kudanganya. Swali lilinizidi kimo, foleni ilikuwa ndefu, na tuseme ukweli, posho yangu ya siku hiyo ilikuwa inatoka kwenye mfuko wa mradi huo huo. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta jibu lake katika kila fomu ninayokabidhiwa, na bado sijalipata. Ndiyo maana nimeona nililete kwenu, kwa kuwa ninyi ndio mnaotoa vibali.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na sayansi ya ubongo. Nimewasikia wazee wakisema kifafa ni mapepo, nimemwona mtoto wa jirani akiondolewa shule kwa sababu alianguka mbele ya wenzake, na ninajua ni watafiti waliotuonyesha hapa hapa Uganda kwamba mtoto akipona malaria ya ubongo, ile ambayo kwetu huanza na degedege, shida haiishi siku anayotoka wodini: takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliofuatiliwa alikuwa bado na upungufu wa kiakili miaka miwili baadaye. Bila utafiti, mtoto huyo angeendelea kuchapwa darasani kwa uzembe. Ninajua pia kwamba hapa Mbarara, mwaka 2022, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha mashine ndogo ya MRI, ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, yenye nguvu ya militesla 50 tu, yaani 0.05 ya tesla, kipimo cha nguvu ya sumaku, ilhali zile za hospitali kubwa huwa na tesla 1.5 au 3. Mashine ya namna hiyo haihitaji chumba cha mamilioni wala mafundi wa kutoka ng'ambo, na kwa nchi ambayo mgonjwa husafirishwa mamia ya kilomita kwa ajili ya picha moja, hilo ni jambo la kujivunia. Tahadhari yake ni kwamba picha zake huwa na ukungu, na programu za kompyuta zinazotumiwa kuzisafisha zinaweza kuchora mstari ambao ndani ya kichwa cha mtoto haupo. Mzazi ana haki ya kuambiwa hilo. Nimelitaja nipite, kwa sababu wahandisi wenyewe wanalijua kuliko mimi.

Jambo ninalotaka tulikazie macho ni lile linalobaki wageni wakishafunga mizigo. Na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua hautoki ng'ambo, unatoka Mbale, mashariki mwa nchi yetu.

Kwa miongo mingi dawa ya kichwa kikubwa, yaani ugonjwa wa maji kujaa ndani ya ubongo, duniani kote imekuwa mrija. Daktari anaupitisha chini ya ngozi, kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, ili maji yaliyozidi yapate njia. Mrija unaokoa maisha, lakini huziba, na unapoziba maji hurudi kujaa na mtoto anaweza kufa kabla hajafikishwa kwa mtu anayeweza kumfungua. Huko Boston mzazi hupiga simu. Huku kwetu Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, mzazi hutafuta kwanza nauli, kisha gari, kisha barabara. Daktari Benjamin Warf, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliitazama hali hiyo na kuona kwamba kumwachia mtoto wa kijijini kifaa ambacho hakuna wa kukitunza ni kumwachia deni. Yeye na wenzake wakaendeleza njia nyingine: kwa kamera nyembamba hutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha ubongo ili maji yapite yenyewe, na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza maji hayo. Hakuna kinachobaki kichwani. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Mbale kwa watoto wachanga 100, nusu wakiwekewa mrija na nusu wakifanyiwa njia hiyo, na baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya maana katika ukuaji wa akili kati ya makundi hayo mawili.

Waheshimiwa, mwone ilivyokwenda. Madaktari wa Mbale waliuliza swali la yule mama kabla ya kushika kisu: sisi tukiondoka, au barabara ikikatika, mtoto huyu atabaki na nini kichwani? Jibu ndilo lililowaonyesha aina ya upasuaji wa kuufuata. Halikuwa swali la maadili lililobandikwa mwishoni mwa fomu ili kamati iridhike. Ninachoomba ni kwamba utaratibu ule wa Mbale uwe sharti la kila mradi wa ubongo unaopewa kibali katika nchi hii.

Ninaharakisha kulisema hili kwa sababu vifaa vinavyobaki kichwani vinaongezeka. Vile vya kutuliza mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson viliidhinishwa Marekani tangu mwaka 1997 na 2002, na Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilimwekea mtu wa kwanza kipandikizi kinachomwezesha kusogeza kishale cha kompyuta kwa kuwaza tu; baadhi ya nyuzi zake zilichomoka kwenye ubongo wiki chache baadaye na ikabidi programu irekebishwe ili kifaa kiendelee kufanya kazi. Huyo ni mtu aliyezungukwa na wahandisi. Tazameni yaliyowapata wengine. Kampuni ya Second Sight ya Kalifornia ilitengeneza jicho la kupandikizwa liitwalo Argus II, likawekewa vipofu zaidi ya 350 duniani. Kampuni ilipoyumba kifedha ikaacha kulihudumia, na watu waliokuwa wameanza kuona vivuli vya milango na watoto wao wakabaki na kifaa kisicho na vipuri wala fundi. Kule Melbourne, Australia, watu 15 wenye kifafa kisichosikia dawa waliwekewa kifaa cha kuwatahadharisha kabla hawajaanguka. Mwanamke mmoja miongoni mwao alisema kimekuwa sehemu ya nafsi yake. Mwaka 2013 kampuni ya NeuroVista ikaishiwa fedha, naye akatakiwa kitolewe. Alijaribu kuzuia, hata akajitolea kukinunua, hakufanikiwa.

Haya yametokea katika nchi zenye bima, mahakama zinazofikika na magazeti ya kupiga kelele. Kifaa cha namna hiyo kikija kwetu kwa njia ya utafiti, na kitakuja, kwa sababu wagonjwa tunao wengi na gharama zetu ni nafuu, nani atabadilisha betri mwaka wa sita? Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba ambao kamati zetu zote za maadili huutaja, linataka mpango wa baada ya utafiti uandaliwe kabla utafiti haujaanza. Katika fomu nilizozisoma mimi, mpango huo huwa ni sentensi moja, nayo huwa ya shukrani.

Si vifaa peke yake vinavyobaki. Kaskazini mwa nchi, Kitgum, Pader na Lamwo, wazazi waliishi miaka mingi na ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao Waacholi waliuita luc luc. Mtoto aliyekuwa mzima anaanza kusinzia kichwa mbele ya sahani ya chakula, kisha anadumaa, kisha kifafa kinamtawala. Mwaka 2009 watafiti wa Wizara ya Afya na wa Marekani wakaanza kuuchunguza, mwaka 2012 mkutano wa kimataifa ukafanyika Kampala, na kwa miaka iliyofuata zilichukuliwa damu, maji ya uti wa mgongo, na hata ubongo wa vijana waliofariki. Sayansi ikasonga: utafiti wa mwaka 2017 uliashiria kwamba kinga ya mwili inayopambana na minyoo ya usubi huenda inaushambulia ubongo wenyewe, na mwaka 2018 wengine wakaonyesha ndani ya ubongo huo protini ya tau, ambayo hujulikana sana kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Dawa ya minyoo ikagawiwa, mito ikapuliziwa kuua inzi wa usubi, na wagonjwa wapya wakapungua mno. Huo ni ushindi na ninaupongeza. Hata hivyo vijana waliokwisha kuugua bado wako, wamekuwa watu wazima, wanahitaji vidonge kila siku na mtu wa kukaa nao wasiangukie motoni. Vipande vya ubongo wa wenzao vilivyohifadhiwa kwenye maabara vina jokofu, namba na mtu anayewajibika kuvitunza. Vijana wenyewe wanawategemea mama zao, na mama wanazeeka.

Sasa niseme kuhusu data, kwa sababu yule mama alikuwa na haki ya kutolielewa neno hilo. Mwaka jana nilikutana naye tena. Alikuwa amempeleka mtoto hospitali nyingine, akaulizwa picha za awali za kichwa ziko wapi ili daktari alinganishe. Hakuwa na hata moja. Zilikuwa zimepigwa mara tatu, zimehifadhiwa vizuri sana, kwenye kompyuta ambayo yeye hajui iko nchi gani. Akalipia picha nyingine kwa pesa za kuuza mahindi ya mgao. Mtoto wake alikuwa amechangia sayansi, lakini faili lake mwenyewe lilikuwa tupu.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 ni sheria nzuri, nami huwa ninaitaja kwa washiriki ili kuwatuliza. Imeziwekea ulinzi wa pekee taarifa za imani ya mtu, msimamo wake wa kisiasa, maisha yake ya kijinsia, fedha zake, na hali ya afya yake pamoja na kumbukumbu za matibabu. Mawimbi ya ubongo hayakutajwa. Yakichukuliwa hospitalini, mwanasheria atasema yanaingia kwenye afya. Yakichukuliwa na kitambaa cha kichwani kinachouzwa dukani ili kupima usingizi au umakini, yanaingia wapi? Katiba yenyewe, katika ibara ya 27, inalinda mwili wa mtu usipekuliwe, nyumba yake, mali yake na mawasiliano yake. Walioiandika mwaka 1995 hawakuwa na sababu ya kuandika kuhusu umeme unaopita kichwani.

Sitaki kutia watu hofu ya bure. Hakuna mashine inayoweza kuyasoma mawazo ya mpita njia pale Kampala Road. Watafiti wa Texas waliofanikiwa mwaka 2023 kugeuza picha za ubongo kuwa maneno walilazimika kumlaza kila mtu ndani ya MRI kwa saa 16 akisikiliza hadithi, na mtu huyo akiamua kuwaza mambo mengine mashine inashindwa. Lakini data za ubongo zina tabia ambayo alama ya kidole haina: zilichukuliwa leo kwa sababu moja, na kesho programu mpya inaweza kutoa ndani yake jambo ambalo hata aliyezichukua hakulijua. Kwa hiyo swali la nani amebaki nazo halizeeki. Chile walilitambua hilo, wakabadilisha Katiba yao mwaka 2021 kuilinda shughuli ya ubongo, na Agosti 2023 Mahakama yao ya Juu ikaiamuru kampuni ya Emotiv ifute data za ubongo za aliyekuwa seneta Guido Girardi, aliyekuwa amenunua kifaa chao cha kuvaa kichwani kama mteja mwingine yeyote. Jimbo la Colorado na lile la Kalifornia zikafuata mwaka 2024 kwa sheria zinazoitaja data ya neva, yaani ya ubongo na mishipa ya fahamu, kwa jina. Novemba 2025 nchi wanachama wa UNESCO, Uganda ikiwamo, zilipitisha huko Samarkand pendekezo la kwanza la dunia juu ya maadili ya teknolojia ya neva. Karatasi ipo, na sahihi yetu kwa namna fulani imo.

Na wasije wakatuambia kwamba shule na polisi hawana haja na vitu hivi. Katika shule moja ya msingi mjini Jinhua, China, watoto walivishwa mikanda ya kichwani yenye taa iliyobadilika rangi kulingana na umakini wao, na alama zikapelekwa kwa mwalimu na kwa wazazi. Picha ziliposambaa mwaka 2019 watu wakalalamika na mamlaka ikasitisha. Ninazijua shule zetu za bweni na ushindani wao wa matokeo ya mitihani, na ninajua ni walimu wakuu wangapi wangeununua mkanda huo kesho asubuhi kama ungekuwa wa bei nafuu. India nako polisi waliwapima watuhumiwa mawimbi ya ubongo ili waone kama wanakumbuka kosa, mpaka Mahakama ya Juu, katika kesi ya Selvi ya mwaka 2010, ikaamua kwamba kumpima mtu hivyo bila hiari yake ni kumlazimisha ajishuhudie mwenyewe. Katiba yetu nayo inakataza mshtakiwa kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake. Ingefaa Bunge liseme waziwazi kwamba kichwa cha mtu kimo ndani ya katazo hilo, kabla hajatokea mfanyabiashara wa kuwauzia polisi mashine.

Kuna jambo jingine dogo, ambalo kwa mtazamaji linaweza kuonekana la saluni. Mpwa wangu ana kifafa. Alipopewa miadi ya kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, mama yake alimsuka vizuri, kama anayempeleka kanisani. Walipofika, mpimaji aliitazama ile mistari ya nywele akasema vifaa havitashika kwenye ngozi, zifumuliwe zote. Wakakaa kwenye veranda wakifumua kwa mpini wa kitana, mtoto analia, na walipomaliza zamu yao ilikuwa imepita. Elektrodi zile ziliundwa na watu waliokuwa wakifikiria nywele za aina nyingine. Hiyo ni sababu mojawapo, ndogo lakini ya kweli, inayofanya watu weusi wawe wachache katika hazina za data za mawimbi ya ubongo, kisha programu zinazofundishwa kwa data hizo zinaletwa kutuambia sisi ubongo wa kawaida ukoje.

Eneo letu lina sababu ya kuwa makini na neno "kawaida". Katika miaka ya 1930, Nairobi, madaktari wa kikoloni walipima ubongo wa Wakenya waliofariki na kuandika kwamba tabaka lake la juu ni jembamba. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya J. C. Carothers, aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, iliyodai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kumfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Carothers aliondoka. Ripoti ikabaki, ikasomwa, ikatumika. Vilevile miradi hii tunayoipokea leo itaandika kitu kuhusu vichwa vyetu, na ni vyema tujue mapema nani ana ruhusa ya kukisoma tulichosemwa, kukihoji, na kukirekebisha kabla hakijachapishwa.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na ninayaomba kwa heshima.

Kwanza, Baraza na Mamlaka ya Dawa wasikipe kibali kipandikizi chochote cha ubongo mpaka fedha za kukitunza, kukitengeneza na kukitoa zimewekwa ndani ya Uganda, mahali ambapo kampuni ikifilisika wadai wake hawazifikii, na mpaka hospitali iliyotajwa kwa jina imekubali kwa maandishi kumpokea mgonjwa huyo maisha yake yote. Mgonjwa naye apewe kadi, kwa lugha anayoisoma, inayosema kifaa ni cha aina gani, kimewekwa lini, na ampigie nani usiku wa manane. Ninajua watakaosema kwamba masharti haya yatawafukuza wafadhili. Baadhi watakwenda, kweli. Lakini mfadhili anayeshindwa kuweka akiba ya betri ni bora akwamie kwenye meza yenu kuliko kwenye kichwa cha mtu wa Isingiro.

Halafu, sheria ya mwaka 2019 irekebishwe ili data za ubongo zitajwe kwa jina, bila kujali zimechukuliwa hospitalini, shuleni au na kifaa cha dukani. Zisitoke katika kazi ambayo zilichukuliwa kwa ajili yake kwenda kwa polisi, mwajiri au kampuni ya bima. Na kila picha inayopigwa kwa ajili ya utafiti iache nakala kwenye faili la mgonjwa, katika kituo kilicho karibu naye. Hili la nakala halihitaji hata kusubiri Bunge. Barua moja ya Wizara inatosha, na gharama yake ni diski.

La mwisho linanihusu mimi na wenzangu, kwa hiyo nipimeni kwa mizani ya mtu mwenye maslahi. Miongozo ya Baraza inataka ridhaa itolewe kwa lugha anayoielewa mshiriki. Karatasi hutafsiriwa, ni kweli. Lakini tafsiri ya karatasi na mazungumzo ya kwenye benchi ni vitu viwili. Mkalimani anayelipwa na mradi ataufanya mradi uende haraka, kama nilivyofanya mimi. Tulipwe na kamati ya maadili, tufundishwe maana ya tunachokisoma, na tupewe haki ya kusimamisha shughuli tunapoona swali halijajibiwa. Fomu irekodiwe kwa sauti kwenye kadi ya memori mshiriki aende nayo nyumbani, akaisikilize na mumewe, na shangazi, na mchungaji au shehe wake, arudi baada ya siku mbili. Na mkimbizi aambiwe kwa sauti, mbele ya watu, na mtu asiyekuwa wa mradi, kwamba akikataa mgao wake wa chakula hautaguswa. Wengi hawaamini hivyo. Wanakubali wakitazama foleni ya mahindi.

Juma lijalo nimeitwa Nakivale tena. Ni utafiti wa watoto wenye kifafa, watavishwa kofia za kupima mawimbi ya ubongo usiku kucha, na ninaona umeandaliwa kwa uangalifu kuliko mingi niliyoifanyia kazi. Nimekabidhiwa fomu yenye kurasa nane. Ukurasa wa sita una kichwa cha habari "Baada ya utafiti kumalizika", na chini yake pameandikwa kwamba washiriki watashukuriwa kwa mchango wao. Nimekwisha kuitafsiri fomu yote isipokuwa ukurasa huo, ambao nimeurudisha kwa waandaaji pamoja na swali la yule mama, safari hii bila kulibadilisha. Ninasubiri jibu lao, na lenu.

Wenu katika utumishi,

Mkalimani wa Kiswahili,
Mbarara